Tuwarudishe Wazee Wetu Kwenye Sinia

Katika nyumba zetu nyingi siku hizi huinjikwa vyungu viwili. Cha kwanza ni cha watu wote. Cha pili, kidogo, ni cha babu au bibi aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi kwa sababu ya shinikizo la damu. Chakula kinapotengwa, wakubwa kwa wadogo hulizunguka sinia, na mzee huletewa sahani yake pembeni, yenye mchuzi uliopooza. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja anamtakia afya. Hata hivyo, mzee huyo amepoteza vitu viwili kwa mara moja: ladha ya chakula na mkusanyiko wa watu wake.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, ametuelekeza tukusanyike katika chakula chetu na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu ili tubarikiwe. Kwa hiyo, badala ya kumtenga mzee kwa ajili ya chungu chake, hatuna budi kukifanya chungu chake kiwe chetu sote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi pungufu ya gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika mkate na vyakula vya dukani. Shauri hilo si la wagonjwa peke yao.

Swali la mpishi ni moja: chumvi ikipungua, ladha itatoka wapi? Jawabu limo katika majani mabichi tuliyoruzukiwa. Kotimiri, ambayo wengine huiita giligilani, ina sehemu mbili za kazi. Vikonyo vyake vikatwekatwe na kutiwa mapema pamoja na kitunguu na nyanya, kwani hustahimili moto. Majani yatiwe chungu kinapoepuliwa, kwa kuwa harufu yake hupotea yakichemka sana. Mchaichai ni kinyume chake: upondwe kidogo, ufungwe fundo, uchemke na mchuzi wa samaki au kuku tangu mwanzo, kisha utolewe kabla ya kupakua. Mnanaa ukichanganywa na maziwa mgando, tango na ndimu huwa kitoweleo kizuri cha pilau. Ndimu yenyewe ikikamuliwa mwishoni huufanya ulimi usiitafute chumvi. Majani yote, hasa yatakayoliwa mabichi, yaoshwe kwa maji safi mara kadhaa mpaka mchanga uishe.

Kitunguu saumu nacho ni msaada mkubwa, ila kiive vizuri. Aliyekila kibichi anajua adabu tuliyofundishwa: asiwaudhi wenzake msikitini kwa harufu yake.

Tujihadhari na vile vipande vya kiungo cha supu vinavyouzwa madukani. Katika vingi vyao chumvi ndiyo iliyo nyingi kuliko kitu kingine, na anayevitia chunguni huku akijisifu kuwa hakutia chumvi anajidanganya. Tujihadhari pia na maneno ya mitaani kwamba majani fulani yanatosha kuwa tiba. Majani haya yanatusaidia kupunguza chumvi tu. Mzee asiache vidonge vyake bila ya ruhusa ya daktari.

Mabadiliko haya yaende polepole. Mama akipunguza robo ya chumvi wiki hii na robo nyingine baadaye, ulimi utazoea. Katika majuma hayo akina baba wana wajibu wao. Imepokewa kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula kabisa, akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Mume anayenung'unika mbele ya watoto kuwa mchuzi umepoa anaibomoa kazi ya mkewe, na anayedhurika ni mzazi wao.

Wala tusitafute udhuru wa gharama. Mnanaa huota kwa kipande cha shina kilichochomekwa katika kopo lenye udongo mnyevu. Upewe kopo lake peke yake, kwani hutambaa na kuwasonga wengine. Mchaichai hupandwa kwa kung'oa shina lenye mizizi kutoka kwa jirani. Kotimiri hutokana na zile zile mbegu za jikoni, zikisuguliwa taratibu hadi zigawanyike mara mbili, na hupenda mahali pasipo jua kali la mchana. Makopo yatobolewe chini ili maji yasituame. Maji tuliyotawadhia, yakikingwa katika beseni, yanatosha kuyanywesha.

Kazi ya kumwagilia wapewe watoto, na waelezwe kwamba, kwa mujibu wa hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, Muislamu hapandi mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, ila huwa ni sadaka kwake. Jirani akibisha hodi kuomba kishada, apewe kwa uso mkunjufu, kwani Sura Al-Maa'un imewakemea wenye kuzuia hata vitu vidogo vya kusaidiana.

Mwenyezi Mungu awape afya wazee wetu, na atujaalie kuwatendea wema wangali hai. Amin.