Macho nayo yapimwe kila mwaka

Ndugu wanamemba, pompi ya kupuliza dawa tunaiangalia mbele ya msimu. Macho yetu, hapana. Wengi wetu wakipita miaka 40 hawasomi tena vizuri kipimo kwenye chupa ya dawa, wanakisia tu. Mama anayechagua kahawa anaacha mbegu mbovu, bei inashuka, tunamuita muvivu. Kumbe anahitaji miwani.

Glokoma ni mbaya zaidi: mara nyingi haiumi, na mwangaza iliokula haurudi tena. Tena, muganga akichungulia ndani ya jicho anaweza kuona alama za ugonjwa wa sukari ao wa tansio.

Kwangu mimi, kooperative itenge franka kidogo: kila mwaka, mbele ya mavuno, wenye kupita miaka 40 wapimwe macho. Tusingojee giza.