Urani iko tayari chini ya miguu yetu: mbele ya santrali ya nyuklia, tupime kwanza

Kila mara umeme unakatika hapa Kolwezi, hakukosi mutu wa kuuliza: inchi yenye urani kama yetu, mbona haijengi santrali ya nyuklia? Swali ni la haki. Majirani nao wanaliuliza. Uganda iko na mupango wa kujenga santrali Buyende, Kenya inatayarisha yake, na mwaka 2023 Rwanda ilisaini mapatano na kampuni Dual Fluid juu ya kujaribu reakta ndogo. Mwezi wa 6, 2025, Banki ya Dunia iliondoa katazo lake la kutoa makuta kwa miradi ya nyuklia. Lakini mpaka leo, Afrika nzima iko na santrali moja tu ya nyuklia inayotoa umeme: Koeberg, Afrika ya Kusini.

Kwetu Lualaba, swali la usalama halingojee santrali. Mionzi iko tayari ndani ya mawe.

Kilichotokea Kamoto

Tarehe 6 mwezi wa 11, 2018, Katanga Mining, kampuni ya kundi Glencore iliyokuwa inachimba Kamoto pamoja na Gécamines, ilitangaza kwamba inasimamisha kwa muda kupeleka kobalti inje. Sababu? Urani ilionekana ndani ya kobalti, kwa kipimo kinachopita kile kinachokubaliwa ku bandari za Afrika mizigo inakopitia. Kampuni ilisema mionzi ile ni kidogo na haileti hatari kwa afya. Mwaka uliofuata mizigo ikaanza kutoka tena.

Tuangalie vizuri jambo hili. Mizigo ilisimama juu ya kanuni ya bandari, mbali sana na hapa. Kampuni kubwa iko na labo, tena iko na munuzi anayedai karatasi. Lakini depo ya kando ya barabara, nani anaipima? Na wachimbaji wa mukono, wale tunaita creuseurs, nani anapima hewa wanayovuta?

Hewa njo jambo kubwa. Urani inapogeuka polepole ndani ya jiwe, inazaa gazi moja inaitwa radoni. Haina rangi, haina harufu. Inje upepo unaipeleka. Ndani ya shimo lisilo na hewa inabaki pale, na mutu anayeivuta miaka mingi anaweza kupata kansa ya mapafu. Sheria inakataza shimo la wachimbaji wa mukono kupita metre 30, lakini kila mutu wa hapa anajua mashimo yanafika wapi. Na kule Kasulo, tangu 2014 watu walichimba hata ndani ya parseli zao, kando ya vyumba watoto wanamolala.

Kuwa na urani si kuwa na umeme

Shinkolobwe, karibu na Likasi, njo ilitoa sehemu kubwa ya urani ya bomu iliyoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa 8, 1945. Watu wa kule walipata taa ngapi kwa urani ile? Mwaka 2004 rais alitia sahihi amri ya kufunga mugodi. Miezi michache kisha, mwezi wa 7, shimo likabomoka juu ya wachimbaji na kuua.

Jiwe la urani haliingie ndani ya reakta vile linatoka chini. Linapaswa kusafishwa, kuongezewa nguvu, kisha kutengenezwa kuwa vipande vya mafuta ya reakta. Viwanda vya kazi ile haviko kwetu. Ni sawa na kobalti: jiwe linatoka Kolwezi, batri inarudi kama kitu cha duka, na bei yake si yetu kupanga.

Tena, Kongo si mugeni ku mambo ya nyuklia. Reakta ya kwanza ya Afrika, TRICO I, iliwashwa Kinshasa mwaka 1959, kwa ajili ya masomo na utafiti. Vipande viwili vya mafuta yake viliibiwa. Kimoja kilikamatwa Italia mwaka 1998. Kile kingine hakijaonekana.

Santrali nayo inahitaji umeme

Wengi hawajui hili: reakta ikizimwa, inabaki na moto mukali ndani, na pompa za maji zinapaswa kuendelea kuipoza. Fukushima, Japani, mwaka 2011, maji ya bahari yaliharibu jenereta, pompa zikasimama, reakta tatu zikayeyuka ndani. Reakta kubwa inataka mutandao wa umeme usioyumba. Wetu tunaujua. Laini ya Inga–Kolwezi, karibu kilometre 1.700, ilimalizika mwaka 1982 ili kulisha migodi, na vijiji vingi inavyopita juu yake viko gizani mpaka leo. Maji ya Inga, Nseke na Nzilo yako. Kazi ya kwanza ni kutengeneza mashini na nyaya, na kuamua nani anapata umeme.

Tudai nini sasa?

Nyuklia haiko shetani. Koeberg inatoa umeme tangu 1984. Lakini usalama wake unasimama juu ya kitu kimoja: mupimaji asiyemwogopa mukubwa, na anayetangaza hesabu zake. Kanuni za dunia zinaweka kipimo cha mionzi, juu ya ile ya asili: milisiverti 1 kwa mwaka kwa raia, na 20 kwa mufanyakazi wa kazi ya mionzi. Kongo iko na komite ya taifa ya kukinga watu na mionzi, CNPRI. Basi ipime ku depo na ku mashimo, isipime tu magari yanayokwenda mupaka, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili, tusikie wote.

Tukingoja hayo, tufanye tunachoweza: tusilaze magunia ya mawe ndani ya nyumba, tusiwape watoto kuyaosha, na hakuna kushuka ndani ya shimo lisilo na hewa.

Inchi isiyopima mionzi ya gunia moja ku Kasulo, itapima namna gani ile ya reakta?