Bangokitita halimrudishi binti shule

Leo sina stori ya msosi wa kafeteria, nina dukuduku.

Novemba 2021 serikali iliruhusu mabinti waliojifungua warudi shule, baada ya lile tamko la 2017 lililowafungia mlango. Sawa, mlango uko wazi. Lakini nani anabaki na mtoto mama yake akiwa darasani? Nani anakwenda kumbembeleza baba aliyekwishasusa kulipia madaftari? Mtaani kwetu ni akina mama tisa, wanachanga buku buku kila Jumamosi. Basi.

Nimewasaidia kuomba ruzuku kwenye taasisi moja (jina naliacha). Wakatakiwa hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, bangokitita, na vyote kwa Kiingereza! Mkaguzi mwenyewe alitaja bei inayozidi mchango wao wa mwaka mzima.

Mtaniambia hela za wafadhili lazima zilindwe. Jamani, mwizi hashindwi na bangokitita, analijua kuliko sisi! Si tunao hapa hapa chuoni, wanaoandikia watu maandiko na kukata asilimia kumi? (Mnaocheka mnajijua.) Ruzuku inamfuata mwenye Kiingereza, binti anaishia kuwa picha kwenye jalada la ripoti.

Watoe kwanza hata milioni mbili. Waje wakague daftari la kikundi, lina sahihi za wote tisa kila wiki. Wawasikilize mabinti kwa Kiswahili.

Barua naipeleka Jumatatu, kurasa mbili, Kiswahili kitupu. Anayetaka kutia sahihi anikute maktaba saa kumi jioni.