Kamera ya mtoto anayecheza ndani

Kama unaishi Ibighi, pale Tukuyu, mvua za Machi hadi Mei unazijua: mtoto anacheza sebuleni, mwanga hafifu, picha zote zinatoka na ukungu. Kabla wewe na mwenzi wako hamjatoa pesa, msidanganyike na wingi wa megapikseli. Angalieni lenzi! Namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi: f/1.8 hupitisha karibu mara 4 ya f/3.5. Wekeni kasi ya 1/125 ya sekunde au zaidi, maana mtoto hatulii, na ISO 1600. Flashi zimeni, mchezo uhamieni dirishani. Hata kamera ya mtumba yenye lenzi hiyo inatosha. Meno ya kwanza hayasubiri mwisho wa mwezi!