Msilaumu Mtandao wa Ogembo, Laumuni Programu Zenu

Leo nina hasira na sitaificha.

Juzi binamu yangu hapa Ogembo alikuwa akinakili rekodi ya sauti ya saa nzima, kazi ya malipo kutoka kampuni moja ya ng'ambo. Mvua ikaja, stima ikapotea, mtandao ukakatika dakika nne. Uliporudi, akakuta kazi imepewa mtu mwingine. Saa tano za kuchapa, bure! Alipolalamika akajibiwa atafute intaneti nzuri.

Upuuzi mtupu. Hiyo intaneti nzuri iko wapi? Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na hata Nairobi mtandao ukatambaa. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Anayeandika programu ya kugawa kazi kwa watu walio mbali lazima aanze kwa kujua kwamba mtandao utakatika.

Muunganisho ukikatika, seva haijui kama mfanyakazi ameacha kazi au bado anachapa. Wengine hungoja TCP iwaambie. Kwenye Linux, hata ukiwasha ukaguzi wa TCP, usipobadilisha mipangilio utakaa saa 2 kabla ya kuuliza kama upande wa pili ungali hai! Wengine, kwa kuogopa hilo, hunyang'anya kazi baada ya kimya kidogo tu. Ndilo lililompata binamu yangu.

Dawa ipo, tena ni ya zamani. SETI@home ilianza 1999, enzi za modemu za simu: kompyuta ilichukua kazi, ikaifanya bila mtandao, ikarudisha majibu baadaye. Basi fanyeni hivi:

1. Mpe mfanyakazi kazi kwa muda maalumu, hata akipotea mtandaoni.
2. Programu ihifadhi kazi kidogo kidogo kwenye kompyuta yake.
3. Kila kazi iwe na namba yake, ili majibu yakitumwa mara mbili yahesabiwe mara moja.
4. Kazi isifutwe kwenye foleni mpaka majibu yapokewe.

Mkulima wa chai wa hapa analijua hili. Lori likichelewa, majani yake hayawi ya jirani. Yanangoja kupimwa, naye anapewa risiti.

Wewe mwandishi wa programu, chomoa waya wa mtandao katikati ya kazi leo, kabla hujamwambia mtu wa Ogembo atafute intaneti nzuri. Halafu njoo utuambie umeona nini.