Kichwa Kinapowanga, Daktari Asikie Nini?

Mama aliyejifungua majuma mawili yaliyopita akilalamika kwamba kichwa kinamwanga siku ya nne mfululizo, aghalabu ataambiwa ni uchovu, malaria au kukosa usingizi. Mara nyingi jibu hilo huwa sahihi. Lakini yamkini damu imeganda katika mishipa inayoondoa damu ubongoni, na hapo kila siku ipoteayo ni hatari.

Maradhi haya si mageni. Tabibu Ribes aliyaeleza huko Ufaransa mnamo 1825. Ni nadra, nayo huwapata zaidi vijana, hasa wanawake walio katika uzazi au wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi huumwa na kichwa. Wengine huona ukungu, hushikwa na kifafa ghafla, au hupooza mkono.

Ugumu uko wapi? Skani ya kawaida ya CT yaweza kuonekana safi ilhali donge limo. Kinachohitajika ni picha ya mishipa yenyewe, ama kwa CT yenye dawa ya kuing'arisha, ama kwa MRI. Kipimo cha damu kiitwacho D-dimer nacho hakitoshi kuondoa shaka. Kwa hivyo ni sharti daktari ashuku kwanza ndipo aagize picha ifaayo, na shaka hiyo huzaliwa na maneno ya mgonjwa.

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapohusika. Kiswahili hutofautisha kichwa kinachowanga, kinachogonga na kinachopwita, ila katika faili ya mgonjwa yote hayo huishia kuwa neno moja la Kiingereza. Kisha lipo neno "mshipa", ambalo kwetu ni ateri, ni vena, ni neva, na hata ngiri! Mgonjwa akiambiwa mshipa umeziba, ameelewa nini?

Tiba ipo. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hutolewa hata pale ambapo damu imevuja ubongoni kwa sababu ya donge hilo. Basi wanafunzi wa udaktari wafundishwe kuuliza kwa Kiswahili sanifu na chepesi: Maumivu yalianza lini? Huzidi ukilala au ukiinama? Macho yanaona sawasawa? Umejifungua karibuni? Unameza vidonge gani?