Breve ya semina haitibu kansere



Munazijua zile breve za semina. Siku tatu katika chumba cha hoteli, chai, per diem, picha ya pamoja, kisha karatasi yenye muhuri. Muuguzi anaipeleka nyumbani, anaitundika ukutani. Kesho yake anarudi kwenye kazi ile ile, bila vifaa, bila ruhusa mpya, na wengi bila mshahara juu serikali haijawapa matrikile.

Mimi mwenye kuandika hii niko na diploma ya univerzite na sina kazi. Karatasi isiyofungua mlango naijua vizuri. Lakini yangu haijaua mutu. Mama yangu mdogo alitokwa damu karibu mwaka muzima. Kwenye kituo cha afya walimpa antibiotiki. Akarudi, wakampa zingine. Hakuna aliyemwangalia ndani. Wakati tulipitia Kasindi tukafika Kampala, kiwanja kilikuwa kimeshauzwa, na daktari alisema tumechelewa. Simlaumu muuguzi yule. Hakuna mutu aliyemfundisha.

Na kazi yenyewe si uchawi. Kansere ya shingo ya kizazi inakuja pole pole, miaka mingi. Muuguzi aliyesomea anapaka asidi asetiki, ile iliyo ndani ya siki, anangoja dakika moja, anatazama kama kunatokea alama nyeupe. Ikiwa inafaa, anaichoma hapo hapo kwa baridi kali au kwa joto, mbele haijageuka kansere. OMS sasa inapendelea kipimo cha virusi, lakini hata hapo ni muuguzi atapima na kutibu. Mwaka 2020 OMS iliweka lengo: kufika 2030, wanawake 70 kwa 100 wawe wamepimwa wakifika miaka 35, na tena 45. Hapa kwetu nani atawapima? Madaktari gani?

Basi tutazame jirani. Uganda, tangu 2004, sheria inamruhusu muuguzi aliyesomea matunzo ya wagonjwa wenye maumivu makali kuandika morfini ya kunywa. Masomo hayo, ambayo Hospice Africa Uganda iliyaanzisha, si ya siku tatu: ni miezi tisa, darasani na kwa wagonjwa. Mwenye cheti kile anafungua kabati la dawa, na mgonjwa wa kansere analala usiku. Hiyo ndiyo tofauti ya cheti na breve: nyuma ya cheti kuna sheria.

Watatuambia feza hakuna, inchi ina vita. Tunajua vita, sisi ndio tunaishi ndani yake. Lakini kuandika kwenye sheria kile muuguzi ana haki ya kufanya hakuombi mashine ya mamilioni. Kunaomba mukubwa akae chini, aandike, atie sahihi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Masomo ya kansere ndani ya ISTM, kwa wauguzi wa A1 walio kazini, yenye mazoezi na mtihani. Asiyejua aanguke.

2. Cheti kiandikishwe na Ordre ya wauguzi, ile iliyoundwa na sheria ya 2016, na kipimwe upya kila miaka kadhaa. Wizara iseme wazi: mwenye cheti anapima, anatibu alama za mwanzo, anaandika morfini.

3. Mwenye cheti apate matrikile, mshahara na prime yake. Bila hiyo atavuka mpaka, na tutakuwa tumesomesha kwa ajili ya wengine.

Nawe unayesoma, fanya kitu kimoja wiki hii. Nenda kwenye kituo cha afya cha kwenu, uliza kwa heshima: nani hapa anajua kupima kansere ya kizazi? Alisomea wapi? Analipwa? Andika jibu, ututumie bila majina ya wauguzi. Tutayapeleka yote kwa mukubwa wa afya, mkononi.

Mama zetu hawaombi sadaka. Wanadai muuguzi anayejua.